Umri, Vumbi na Ustadi wa Wachongaji wa Tabaka

Kwa wachongaji wa jiwe la sabuni wa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, uzee haupunguzi kila uwezo kwa kiwango kimoja, kwa sababu uchongaji hutegemea viungo vya mwili na sehemu za ubongo zinazozeeka kwa mwendo tofauti. Jicho hutangulia: kuanzia umri wa takriban miaka 40 lenzi yake, ambayo hukusanya mwanga, hukakamaa na kushindwa kujirekebisha ili kuona kilicho karibu. Hata hivyo mchongaji ana nafuu asiyokuwa nayo mchoraji, kwani mkwaruzo usioonekana na jicho hugunduliwa kwa kidole.

Katika ubongo, uwezo wa kutatua haraka jambo geni huanza kushuka mapema utu uzimani, ilhali maarifa yaliyolimbikizwa hudumu au hata kuongezeka hadi uzeeni. Tofauti hiyo ilifafanuliwa na mwanasaikolojia Raymond Cattell. Kumbukumbu ya utendaji, yaani ile inayouongoza mkono bila mtu kufikiria kila hatua, nayo huchelewa kuchakaa. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka wa mwaka 1944, ambaye sanamu yake ya Enyamuchera imo katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, alichonga tembo hadharani kwenye tamasha la Smithsonian mjini Washington mwaka 2014, alipokuwa akikaribia au kutimiza miaka 70.

Wapigaji wa obokano, zeze kubwa la nyuzi nane la Abagusii wa Kisii na Nyamira, wana bahati ya aina nyingine. Masikio yanayozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, na kwa kuwa obokano hunguruma kwa sauti nene, mzee anayeshindwa kufuata mazungumzo sebuleni anaweza bado kuusikia vyema uzi uliolegea.

Kinachostahili kuogopwa Tabaka ni vumbi, pengine kuliko miaka yenyewe. Chembe laini za jiwe, zikivutwa kwa muda mrefu, hujenga makovu katika mapafu, na mchongaji anayehema baada ya kupiga tindo mara chache huonekana amezeeka, ilhali ameugua. Kusugua kwa msasa jiwe likiwa limelowa hupunguza vumbi hilo. Mashine za umeme za kukatia jiwe kavu huliongeza, na hazimchagui mzee wala kijana.