Je, Wajua? Saa ya Paris Yenye Sura ya Mwafrika

Je, wajua kwamba mwaka 1799 fundi wa shaba wa Paris, Jean-Simon Deverberie, alisajili michoro ya saa mbili za mezani, moja akaiita Afrika na nyingine Amerika? Kila moja ina mwanamke mweusi wa shaba. Ngozi imetiwa weusi unaong'aa. Sketi ya manyoya, upinde na hereni vimepakwa dhahabu. Macho ni meupe, yamekazwa kwa anayetazama. Ziweke saa hizo pamoja utaona jambo. Yule wa Amerika amewekewa mamba miguuni, lakini uso wake ni uleule wa Mwafrika.

Je, wajua kwamba Deverberie hakuwa fundi saa? Kazi yake ilikuwa hilo umbo la nje. Mashine ya ndani ilitoka kwa fundi mwingine, uso wa namba kwa mwingine, dhahabu kwa mwingine tena. Majina yao wengi hayakuandikwa popote.

Aliyepaka dhahabu ndiye aliyeumia zaidi. Dhahabu ilichanganywa na zebaki mpaka ikawa laini kama siagi, ikapakwa juu ya shaba, kisha shaba ikapelekwa motoni. Zebaki ilitoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki imeshika. Mvuke huo fundi aliuvuta siku nzima. Mikono ilianza kutetemeka, meno yakalegea, na wengi walikufa kabla ya uzee. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaochomea dhahabu jikoni wanavuta sumu hiyohiyo leo, na inapaswa kusemwa kwa sauti.

Je, wajua kwamba mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka? Bei ilikuwa piasta 20 kwa mtu mmoja. Walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi, Mauritius ya leo ikiwa kimojawapo. Riwaya ya Paul et Virginie, iliyotoka 1788 na kuwaliza wasomaji wa Ufaransa, inasimuliwa katika kisiwa hichohicho, na mafundi wa Paris wakaifanya saa pia.

Ufaransa ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1794. Mabwana wa mashamba wa Mauritius waliikataa sheria, na wajumbe walioletwa kuitekeleza mwaka 1796 wakarudishwa melini. Kwa hiyo siku Deverberie alipokuwa akichora Afrika yake iliyojaa dhahabu, watu wa pwani yetu walikuwa bado shambani, bila ujira. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kwa sheria.

Je, wajua kwamba Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizitaja saa katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886? Vyumba vya wakubwa, anasema, vilipambwa kwa vioo virefu, vyombo vya kauri na saa za thamani kutoka Ulaya.

Huku bara saa hazikupata raha hiyo. Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1858, na Aprili wakaelekea kaskazini kwa mitumbwi, wakiufuata ufuko. Ukipanda boti Kibirizi, ukaipita Gombe na kushuka Mwamgongo, umepita njia yao. Katika msafara wao wa bara saa zao ziliharibika. Speke akachukua risasi ya bunduki, akaifunga kwenye uzi wa inchi 39, akaining'iniza na kuisukuma. Kwenda sekunde moja, kurudi sekunde moja. Urefu wa uzi ndio unaoamua mwendo, wala si uzito wa risasi, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayoiendesha saa ya Paris yenye pendulamu.

Kwa nini ahangaike hivyo? Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Msafiri anayetafuta longitudo kwa saa yake, ikimkosea dakika nne tu, ameisogeza Ujiji kwenye ramani kwa kilomita 111 hivi, na Ziwa Tanganyika halina hata upana huo.

Je, wajua kwamba wasafiri Livingstone na Stanley hawakubaliani walikutana lini Ujiji? Kitabu cha Stanley kinasema tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inasema mwishoni mwa Oktoba. Livingstone alikuwa ameugua miaka mingi porini, na hesabu ya siku ilimponyoka. Lakini Stanley naye alishikwa na homa kali akiwa njiani, huko Unyanyembe, akapotewa na siku kadhaa, kwa hiyo hata tarehe yake si ya kuapia. Mwezi huo wa Novemba wakapanda mtumbwi pamoja kuelekea kaskazini, wakapita pwani ya Mwamgongo mpaka mwisho wa ziwa, wakajionea wenyewe kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Kwenye mnara wa ukumbusho pale Ujiji imechongwa tarehe ya Stanley.