Iqaluit na Nuuk: Majirani Waliotenganishwa na Ratiba

Ramani ya ukutani ndiyo mchochezi wa kwanza wa uongo kuhusu Kaskazini. Ukiitazama, Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut nchini Kanada, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland, vinaonekana kutengwa na bahari pana kupindukia. Kati yao zipo takriban nyuzi 17 za longitudo, ambazo kwenye ikweta ni karibu kilomita 1,880. Lakini mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia: uzi mmoja wenye kilomita 111 kwenye ikweta hubaki kilomita 49 hivi kwenye latitudo ya 64, ilipo miji hii. Ramani iliyozoeleka huichora mistari hiyo ikiwa sambamba, hivyo huutanua upana wa huko zaidi ya mara mbili. Umbali halisi ni kama kilomita 820, pungufu kidogo ya safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza.

Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8 humaliza safari hiyo kwa saa mbili au pungufu. Saa za Nuuk ziko mbele kwa tatu, kwa hiyo anayeondoka Iqaluit saa nne asubuhi hufika saa tisa alasiri. Akirudi kwa saa ileile, hutua saa tatu asubuhi, kabla ya saa aliyoondokea. Hata hivyo, hesabu hii ina maana pale tu ndege ya moja kwa moja inapokuwepo. Safari hizo zilianza mwaka 2012, zikasimama, kisha zikarejea kiangazi cha 2024. Zisipokuwepo, abiria hushuka kwanza Ottawa, zaidi ya kilomita 2,000 kusini, avuke Atlantiki hadi Iceland au Copenhagen, ndipo ageuke tena magharibi. Mafuta yote hayo yanachomwa kwa ajili ya kuvuka mlango mmoja wa bahari!

Watasema abiria ni wachache, na ni kweli: Nuuk ina watu karibu 20,000, Iqaluit haifiki nusu yake. Lakini hakuna barabara inayotoka katika mji wowote kati ya hiyo kwenda mji mwingine, na njia inayofunguliwa na kufungwa haiwezi kujenga wateja. Wala viwanja si kisingizio tena. Iqaluit ina njia ndefu ya kurukia tangu enzi za jeshi la Marekani, na Airbus A380 ilipelekwa huko mwaka 2006 kujaribiwa kwenye baridi. Nuuk nayo ilifungua njia ya mita 2,200 Novemba 2024. Kilichokosekana ni serikali mbili kuacha kutazama kusini tu, wakati Wainuiti wa pande zote mbili ni ndugu. Ndege ya kudumu ingebeba wanafunzi, wafanyabiashara, wasanii, samaki, vipuri na barua.