Reli ya Kusini na Abiria wa Njia Nne

Mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wakipanga reli itoke Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Mtaalamu wao, Paul Fuchs, alishazunguka kupima faida yake. Julai mwaka huohuo, Nandete, jirani na Kipatimu katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Vita vya Maji Maji vikaanza. Reli ya Kilwa haikujengwa.

Kusini ilikuja kupata reli ya Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Ilifika bandari ya Mtwara mwaka 1954, mradi wenyewe ukiwa umeshakufa tangu 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Inayozungumzwa sasa, ya Mtwara hadi Mbamba Bay, inasubiri makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na Kipatimu iko mbali nayo. Siku zote reli ya kusini imefikiriwa kwa mzigo kwanza.

Abiria wa Kipatimu anashuka kama kilomita 50 hadi Njia Nne, kwenye lami ya Dar es Salaam na Lindi. Pale ndipo mateso yalipo. Mgonjwa mwenye rufaa ya Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, anasimama juani akisubiri basi la kusini, likifika limejaa. Anayerudi kijijini naye anangoja gari lijae ndipo lipande vilima. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, mikoa ya kusini ilionja adha ya kukwama njiani. Huku Kipatimu kukwama ni jambo la kila masika.

Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilipoanza safari mwaka huohuo, wengi walisifu mwendo wake. Mimi nasifu saa: inaondoka hata viti visipojaa. Hilo linawezekana Umatumbi bila reli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inapanga ratiba za mabasi. Iweke basi dogo la Kipatimu likutane na basi kubwa Njia Nne, kwa tiketi moja, viti vikiwa vimetengwa.

Mwenye gari atauliza nani atalipia viti vitupu. Swali la haki. Halmashauri ya Kilwa inakusanya ushuru wa korosho na ufuta kutoka vilima hivihivi. Sehemu yake ilipie viti hivyo, ikianza na safari ya asubuhi ya wagonjwa wa Kinyonga.