Kijapani cha mavazi: kuvaa si neno moja

Mchezaji wa karate akivaa nguo yake nyeupe, watu wengi Kongo husema amevaa kimono. Desturi hiyo imetoka kwenye Kifaransa. Mjapani huiita karategi. Kimono kwake ni lile vazi refu la harusi na sikukuu, ingawa neno lenyewe ni la kawaida kabisa: ki ni kuvaa, mono ni kitu.

Kijana wa Kalunguta, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, akitaka kujifunza Kijapani haanzi na mikono mitupu. Kifaransa cha shuleni kitamsaidia, lakini pia kitamcheka. Manto ni manteau, sawa. Ila zubon, neno linalosemekana limetokana na jupon, ni suruali! Kiswahili nacho kinasaidia: udedokei ni saa ya mkono, neno kwa neno. Yubiwa, pete, ni duara la kidole. Soksi ni kutsushita, yaani chini ya kiatu.

Shida iko kwenye kitenzi. Kwa Kiswahili unavaa shati, unavaa viatu, unavaa kofia, unavaa pete, na kazi imekwisha. Mjapani anagawa mwili. Shati, koti na gauni ni kiru. Suruali, sketi, soksi na viatu, vyote vinavyopitia miguuni, ni haku. Kofia ni kaburu. Miwani ni kakeru. Pete ni hameru, au suru kwa wepesi.

Ndiyo maana kukariri majina peke yake ni kupoteza muda. JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani, una ngazi tano, kuanzia N5 ya chini hadi N1. Hauna sehemu ya kuongea. Mtu anachagua jibu, na kitenzi kisicholingana na nguo ni alama iliyopotea. Mtihani huo hufanyika pia Nairobi. Kwa mtu wa Kalunguta hiyo ni safari ya kuvuka mpaka wa Kasindi na kukatiza Uganda, kwa nauli ambayo familia haiwezi kuitafuta mara mbili.

Bora basi kuandika kwenye daftari kitu pamoja na kitenzi chake: boshi o kaburu, kutsu o haku, megane o kakeru.

Na kwa wauza mapambo, moja zaidi: piasu ni hereni za masikio yaliyotobolewa, iyaringu kwa kawaida ni zile za kubana. Mteja aliyekosea neno atapewa zisizomfaa.