Kiwanja cha Ndege na Haja za Mama na Mtoto

Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunawaachia wababa na wakubwa wa serikali: kiwanja cha ndege.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita waliniuliza: «Mwalimu, sisi ni mji wa treni. Kwa nini tuko na Base yenye barabara za ndege kubwa namna ile?» Ni swali zuri, na kila mama wa Kamina anapaswa kuweza kulijibu nyumbani.

Ni kweli, reli ndiyo iliyoukuza mji wetu. Mwaka 1928 njia ya treni kutoka upande wa Lubumbashi ilifika Ilebo, ikipita hapa kwetu. Mwaka 1956 njia ya kwenda Kabalo nayo ikakamilika. Lakini Base ina historia yake. Wabelgiji walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, vita kubwa ya pili ikiwa imeisha juzi tu. Waliogopa kwamba vita ikirudi Ulaya, nchi yao itashikwa tena. Walitaka mahali pa mbali ambapo jeshi lao lingeweza kukimbilia. Katika miaka ya 1950 walifundisha marubani wao wa vita hapa.

Baada ya uhuru wa 1960, askari wa Umoja wa Mataifa waliishika Base. Ndege za vita za Uswidi ziliruka kutoka hapa wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga. Tena, tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliondoka Kamina ndani ya ndege za Marekani, wakaenda kushuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Angalieni vizuri, wamama: katika historia hiyo yote kuna majenerali, marubani na wanasiasa. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hamumuoni. Kiwanja kilijengwa kwa haja za jeshi, na haja za familia hazikuulizwa.

Kwa sisi watu wa Haut-Lomami, mlango mkubwa wa kwenda nchi za nje ni kiwanja cha Luano, Lubumbashi, kilometa kama 600 kwa reli. Hicho nacho kimebeba historia nzito: ni pale Luano ndege iliwashusha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961, siku waliyouawa. Leo wanapita pale wafanyabiashara, wanafunzi, na wamama wanaopeleka wagonjwa hospitalini. Kinshasa, kiwanja cha N'djili kina barabara ya ndege ya mita kama 4,700, kati ya zile ndefu za Afrika. Lakini urefu wa barabara ni faida ya rubani. Mama anayeshuka na mtoto anauliza mengine: choo kiko wapi? Maji yapo? Kuna kiti na kivuli? Nikizidiwa, nani atanisaidia?

Tuangalie pia kwa jirani. Kiwanja kikubwa cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi. Kilijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Mau Mau, watu waliofungwa na Waingereza kwa sababu ya kudai ardhi na uhuru. Mwaka 1978 jengo jipya la abiria lilifunguliwa, na kiwanja kikapewa jina la Jomo Kenyatta. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kupokea wageni, hata watu wakapokelewa ndani ya mahema. Baadaye wakajenga tena. Kiwanja ni kama nyumba: hakimaliziki siku moja, na kinahitaji mtu wa kukichunga.

Na hapa kwetu nani anakilipia? Sisi wenyewe. Tangu 2009, abiria wa ndege katika nchi yetu wanalipa Go-Pass. Ilianza na dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 za kwenda nje, na shabaha yake ni kujenga na kutengeneza viwanja vinavyosimamiwa na RVA. Mama akilipa franka zake kwa shida, ana haki ya kuuliza zimetengeneza nini. Kuuliza kwa heshima si kutukana wakubwa.

Kwa mama anayejitayarisha kusafiri, haya ni ya kukumbuka:

– Chanjo ya homa ya manjano: mtoto anaipata kuanzia miezi 9. Ifanyeni siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi ya njano ichungwe pamoja na pasipoti.

– Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, wanaweza kudai ruhusa ya maandishi ya yule mwingine. Ulizeni DGM mapema, msingojee siku ya safari.

– Mama mwenye mimba: kuanzia miezi saba hivi, kampuni nyingi za ndege zinadai barua ya daktari. Karibu na kuzaa zinakataa kabisa.

– Ndege ikipanda na ikishuka, mnyonyesheni mtoto. Kumeza kunapunguza maumivu ya masikio.

– Mafuta ya mawese na kisu viingie ndani ya mzigo mkubwa, vikiwa vimefungwa vizuri. Maziwa ya mtoto yanaruhusiwa mkononi, lakini yaonyesheni kwa wakaguzi.

– Someni karatasi inayofungwa kwenye mzigo. Herufi FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa, NBO ni Nairobi. Mama asiyejua kusoma amuombe binti yake amfundishe herufi hizo tatu tatu mbele ya safari.

Sasa kazi ya vikundi vyetu. Siku ya likelemba, baada ya kuhesabu pesa, tuchukue nusu saa. Kila kikundi kiandike mambo matatu ambayo mama na mtoto wanahitaji mahali pa kusafiria, iwe gari la moshi au ndege: maji, choo safi cha wanawake, mahali pa kunyonyeshea, au lingine mtakaloona. Leteni karatasi zenu kwa ofisi ya chama. Tutaziunganisha ziwe barua moja, na wamama wawili watachaguliwa kuipeleka kwa wenye kuhusika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa Kamina watakuja kwa reli na kwa ndege. Wakimkuta mama wa hapa ana pa kukaa na maji ya kumpa mtoto, watajua kwamba mji huu una wenyewe.