Je, Wajua? Ng'ombe Mmoja, Watu Saba
Udhuhia, yaani mnyama anayechinjwa katika Idi el-Haji, tarehe 10 Mfunguo Tatu, kukumbuka utiifu wa Nabii Ibrahimu, huweza kushirikiwa na watu hadi saba akiwa ng'ombe au ngamia, hukumu yenye huruma kubwa kwa wenye kipato kidogo, kwani hata Kongwa, wilaya ya wafugaji yenye ranchi ya taifa, si kila mtu anayemudu ng'ombe mzima. Mnyama kipofu, kiguru, mgonjwa au aliyekonda mno hafai, sharti linalodai uangalifu Idi inapoangukia kiangazi kirefu cha Ugogo, eneo ilipo Kongwa, malisho yakiwa yamekauka. Anayechinjwa kabla ya swala ya Idi ni kitoweo tu. Naye mchinjaji wa kuajiriwa hulipwa fedha, si nyama wala ngozi.