Kupanua Mfumo wa Umeme wa Jua katika Trela Dogo la Kambi

Utangulizi

Kila majira ya baridi yanapokaribia kaskazini mwa Marekani na Kanada, maelfu ya watu, wengi wao wazee waliostaafu, hufungasha virago na kuelekea kusini kulifuata jua. Jangwa linalouzunguka mji mdogo wa Quartzsite, katika jimbo la Arizona, ni mojawapo ya vituo vyao mashuhuri. Sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni ya umma, na kwa kawaida mtu huruhusiwa kupiga kambi mahali pamoja kwa muda wa siku 14. Hakuna nguzo ya umeme wala bomba la maji. Kila mmoja huishi kwa alichokuja nacho. Wenye uwezo huja na magari makubwa kama mabasi. Wengine huja na trela dogo linalokokotwa na gari la kawaida, ambalo ndani yake mna kitanda, meko ya gesi na friji ndogo, na juu ya paa lake mna paneli moja ya kunasa jua.

Makala haya yanafafanua jinsi mfumo mdogo wa aina hiyo unavyoweza kupanuliwa. Suala lenyewe si geni kwa msomaji wa Kenya, kwani vifaa vilivyomo katika trela ndivyo vilivyomo katika nyumba nyingi za mashambani zisizofikiwa na nyaya za umeme: paneli, kidhibiti chaji, betri ya volti 12 na pengine inveta. Makosa nayo ni yale yale, na lililo kubwa zaidi ni kudhani kwamba kupanua mfumo maana yake ni kuongeza paneli tu.

Nguvu na Kawi

Sehemu ya kosa hilo inatokana na lugha. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, neno "stima" hubeba kila kitu: stima imepotea, stima ni kidogo, stima imemalizika. Lugha rasmi nayo ina msamiati wake. Wakenya wana Wizara ya Kawi, ilhali Watanzania wana Wizara ya Nishati, na wizara hizo mbili hushughulikia jambo lile lile. Hata hivyo, ugomvi wa kawi na nishati ni mdogo. Tofauti inayomgharimu mwenye trela ni ile iliyopo baina ya kawi na nguvu. Nguvu ni kasi ya kutumia, nayo hupimwa kwa wati. Kawi ni jumla ya kilichotumika, nayo hupimwa kwa wati-saa. Aliye na mtungi wa maji anaelewa: upana wa mdomo wa mtungi ni jambo moja, na kiasi cha maji yaliyomo ni jambo jingine.

Birika la umeme la wati 1500 likichemsha maji kwa dakika 4 hutumia wati-saa 100 tu, kiasi kisichotisha. Lakini kwa dakika hizo 4 betri ya volti 12 hulazimika kutoa zaidi ya ampea 125, mkondo unaoweza kuyeyusha waya mwembamba. Friji ndogo, kinyume chake, huvuta wati 45 tu, na kwa kuwa mota yake huwaka na kuzima, hufanya kazi kwa jumla ya takriban saa 10 kwa siku. Hakuna anayeiogopa friji, na hali ndiyo inayomeza wati-saa 450 kila siku.

Hesabu ya Wazee Wawili

Chukua mfano wa wazee wawili, mume na mke, ambao mmoja wao hutumia insulini. Dawa hiyo, kabla ya kufunguliwa, huhifadhiwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Friji yao basi si anasa. Mbali na wati-saa 450 za friji, taa hutumia 50, simu na kompyuta 100, na feni inayosukuma joto la hita ya gesi usiku hutumia 150. Jumla ni wati-saa 750 kwa siku. Mfumo wao una paneli moja ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa, na betri moja ya risasi na asidi ya ampea-saa 100. Betri hiyo inabeba wati-saa 1200, ila haifai kutumiwa kupita nusu yake, la sivyo umri wake hufupika upesi. Akiba halisi, kwa hiyo, ni 600.

Mwezi wa Julai jimboni Arizona, paneli iliyolazwa hupata jua linalolingana na saa 7 hivi za mwangaza kamili kwa siku. Wati 100 mara saa 7 ni 700. Ikiondolewa robo inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe, husalia kama 525. Kwa kuwa hita haitumiki wakati huo, mahitaji ni 600, na upungufu mdogo hubebwa na akiba kwa siku kadhaa. Wazee hurudi nyumbani wakiusifu mfumo wao. Mwezi wa Desemba saa hizo 7 huwa takriban 3, na mavuno huwa wati-saa 225. Kila siku pana upungufu wa 525, na akiba ya 600 haifiki mwisho wa siku ya pili. Alfajiri friji imenyamaza, na mfumo ulioleta hasara hiyo ni ule ule uliosifiwa miezi mitano iliyopita.

Pembe ya Jua

Kinachopungua zaidi mwezi wa Desemba ni kimo cha jua. Quartzsite iko karibu nyuzi 34 kaskazini mwa Ikweta, na adhuhuri ya Desemba 21 jua hufika nyuzi 33 tu juu ya upeo wa macho. Paneli iliyolazwa bapa hupokea zaidi kidogo ya nusu ya miale ambayo ingepokea iwapo ingelielekea jua moja kwa moja. Jijini Nairobi mambo ni tofauti kabisa: hata mwezi wa Juni, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 65, na paneli iliyolazwa hupata zaidi ya asilimia 90. Ndiyo maana fundi wa Kenya anaweza kuipuuza pembe bila kuadhibiwa sana, ilhali mwenzake wa Arizona hawezi.

Hapa ndipo penye faida iliyo rahisi kuliko zote. Ili kupata wati-saa 750 mwezi wa Desemba kwa paneli zilizolazwa, zinahitajika takriban wati 333, yaani jumla ya paneli 4 za wati 100. Paneli bora za leo hutoa kama wati 200 kwa kila mita ya mraba, hivyo zinahitajika mita mbili za mraba juu ya paa dogo lenye mviringo na tundu la hewa katikati. Lakini paneli iliyoinamishwa kuelekea kusini hupata karibu saa 5 badala ya 3. Wati 200 mara saa 5, ukiondoa robo, ni 750 kamili. Paneli mbili za kukunjwa zilizosimamishwa ardhini zinatosheleza hitaji lote, na ile ya paani inabaki kuwa ziada. Tena trela laweza kuegeshwa kivulini huku paneli zikiwa juani, jambo lenye uzito mkubwa kwa kuwa kivuli cha tawi moja kikiangukia seli chache chaweza kuporomosha mavuno ya paneli nzima. Udhia wake ni upepo, wezi na kazi ya kuzianika na kuzianua kila siku.

Betri, Kidhibiti na Waya

Paneli zikiongezwa bila kuongeza betri, mavuno ya mchana hayana ghala. Betri ya lithiamu ya aina inayotumia chuma na fosfati, yenye ampea-saa 100, hubeba wati-saa 1280 na yaweza kutumiwa karibu yote. Uzito wake ni kama kilo 12, ilhali ile ya risasi hukaribia kilo 30. Katika trela dogo, tofauti hiyo ni mizigo ya wiki nzima. Ina sharti moja zito: haipaswi kuchajiwa ikiwa imepoa chini ya nyuzi sufuri, kwa sababu lithiamu hujipaka ndani yake kama madini na kuiharibu daima. Haifai pia kuunganishwa na betri kuukuu ya risasi.

Kidhibiti cha bei nafuu huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, nayo paneli iliyoundwa kufanya kazi kwa volti 18 huburutwa hadi volti 13 za betri. Ampea 5.5 mara volti 13 ni wati 72 hivi. Zile nyingine hupotea. Kidhibiti cha aina ya pili, kinachotambulishwa dukani kwa herufi MPPT, huiacha paneli katika volti zake na kugeuza ziada kuwa ampea.

Kidhibiti hicho humruhusu pia mwenye trela kuunganisha paneli kwa mfululizo, ambapo volti hujumlishwa na ampea husalia zile zile. Ubora wake ni kwamba upotevu katika waya hutegemea mraba wa mkondo. Paneli 4 zikiunganishwa sambamba, ampea 5.5 huwa 22, na upotevu katika waya ule ule huongezeka mara 16. Hata hivyo, mfululizo una mtego wake. Volti za paneli isiyo na mzigo ni kama 22, na huongezeka kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila uzi mmoja wa kipimajoto chini ya 25. Paneli 4 kwa mfululizo ni volti 88, na kidhibiti cha kikomo cha volti 100 huonekana kutosha. Asubuhi angavu ya milimani, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sufuri, volti hizo 88 hufika karibu 100, na jua la kwanza laweza kukiunguza kidhibiti. Jozi mbili za paneli mbilimbili, zilizounganishwa sambamba, hutoa volti 44 na ampea 11. Suluhisho hilo halivutii macho, lakini ndilo linalodumu.

Fyuzi huwekwa karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa maana kazi yake ni kuulinda waya, na hatari ya moto hutoka upande wa betri. Wakati wa kuunganisha, kidhibiti huunganishwa kwanza na betri, ndipo kiitambue kama ni ya volti 12 au 24, kisha paneli hufuata. Wakati wa kukata, paneli hutangulia.